Swichi ya Taa kwenye Gitaa la Baba Mdogo

Gitaa lilifika Nairobi kwa basi la usiku kutoka Kisumu, limetiwa ndani ya gunia la mahindi na kukazwa kwa kamba ya mkonge. Mama Mdogo alikuwa amenipigia simu, maneno yake machache: "Baba yako Mdogo hayupo tena, na panya wameanza kulikaribia. Wewe ndiye uliyeliharibu. Lichukue ulitengeneze." Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Kwenye gitaa hilo kuna tundu ambalo ni langu. Mwaka 1993, nikiwa na miaka 13, niliiba patasi ya fundi aliyekuwa akitutengenezea mlango, nikachimba shimo karibu na vifundo vya sauti, nikapachika swichi ya taa, ile ndogo ya taa ya kando ya kitanda. Nilikuwa nimeona kwenye jalada la kaseti mpigaji ambaye gitaa lake lina swichi tatu. La Baba Mdogo lilikuwa na moja, nami nikaona hiyo ni aibu ya familia. Swichi yangu haikuunganishwa na chochote, ilikuwa pambo tu. Halafu, kwa kuwa rangi ya mlango ilibaki, nikalipaka gitaa zima buluu.

Baba Mdogo alirudi jioni kutoka kazini. Akalitazama, akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele, akalitundika ukutani. Hakusema neno. Januari iliyofuata nikapelekwa shule ya bweni, na kila nilipofunga shule nililikuta pale pale ukutani. Sikumwona akilipiga tena. Kwa miaka 30 na zaidi nimetembea na hesabu hiyo rahisi: nilichimba shimo, na muziki ukavujia hapo.

Kwa hivyo gunia lilipofika, nia yangu ilikuwa moja tu, kulirudisha gitaa lilivyokuwa mwanzo. Rangi itoke, tundu lizibwe, nyaya zote zipangwe upya kama zilivyotoka kiwandani. Nilidhani "mwanzo" ni mahali panapojulikana.

Kichwani limeandikwa Höfner. Jina hilo lenyewe limehama. Karl Höfner alianzisha kazi yake mwaka 1887 katika mji wa Schönbach, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Luby. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wa eneo hilo walifukuzwa, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wengi wa fidla na magitaa. Mwaka 1949 kijiji cha Bubenreuth, huko Bavaria, kilikubali kuwapokea mafundi hao, wakajenga upya maisha na karakana zao. Gitaa la Baba Mdogo ni la miaka ya 60, kwa hivyo liliundwa na watu waliokuwa wamepoteza kwao. Basi hata huo mwanzo niliokuwa nautafuta ulikuwa tayari ni kitu kilichohamishwa na kuungwaungwa.

Höfner maarufu kuliko yote ni gitaa la besi ambalo Paul McCartney alilinunua Hamburg mwaka 1961. Mwaka 1964 lilifanyiwa ukarabati mkubwa London: likapakwa rangi upya, na vinasa sauti vyake viwili vikawekwa kwenye fremu moja ya mbao. Mwaka 1972 likaibwa. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba limepatikana na limerudi kwa mwenyewe. Watu walilitambua kwa nini? Pamoja na mambo mengine, kwa yale yale mabadiliko ya 1964. Lingerudishwa lilivyotoka kiwandani, lingekuwa besi kama besi nyingine. Hilo nililijua kabla ya kushika bisibisi, lakini nikajiambia kwamba la McCartney ni historia, letu ni uharibifu. Hapo ndipo nilipokosea.

Baba Mdogo alilinunua Nairobi mwaka 1969, kutoka kwa mpigaji aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa miaka ya benga kuchipuka. Vijana wa Nyanza walichukua gitaa la umeme wakalipa kazi ya nyatiti, kinanda cha nyuzi nane ambacho huchezwa kwa kudonoa, si kwa kupapasa. Gitaa la solo likawa linazungumza na mwimbaji: yeye akimaliza, lenyewe linajibu, na mwisho wimbo wote unaachiwa magitaa yakimbizane. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki Kisumu mwaka 2006, aliubeba muziki huo mbali na Shirati Jazz yake. Santuri ndogo zilikuwa na wimbo pande zote mbili, na maduka ya River Road yakaziuza hadi mashambani.

Baba Mdogo hakurekodi hata santuri moja. Alikuwa mpigaji wa wikendi, wa baa za miji midogo, na siku za kazi alikuwa karani wa ghala la pamba. Hakuna kitabu kitakachomtaja. Kama kuna kumbukumbu yoyote ya kazi yake, ni mbao hii iliyopakwa rangi ya mlango.

Nikaanza kulifungua juu ya meza ya jikoni, jioni moja baada ya nyingine.

Jambo la kwanza niliona shingoni. Nyuma ya freti ya tatu, mbao imelika na kuacha mfereji mwembamba. Nilitaka kuujaza, kisha nikakumbuka penseli. Alikuwa akikaza penseli juu ya nyuzi kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili kupandisha sauti bila kubadilisha mkono. Mfereji ule ni alama ya mpira, usiku baada ya usiku.

La pili, kile kipande cha mfupa kinachopitishia nyuzi pale juu kimepigwa tupa hadi mifereji yake miwili ikawa mipana mno. Uzi wa kisasa unacheza ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Ubovu wa fundi? La. Seti ya nyuzi ilipokosekana, wapigaji wa huku walikuwa wakifumua waya wa breki ya baiskeli na kuutumia. Waya huo haukutengenezwa kwa mifereji ya Bubenreuth, ndiyo maana mifereji ikapanuliwa.

La tatu, ule mkono wa chuma wa kutetemesha nyuzi ulikuwa umezuiwa kwa kabari ya mbao, imechongwa vizuri na kukaa kama jino. Benga haihitaji mtetemo huo, inahitaji gitaa lisilotoka kwenye sauti kati ya wimbo na wimbo.

Kila mahali niliposema "hapa waliharibu," nilipotulia nilikuta palikuwa na swali, na mtu alilijibu kwa alichokuwa nacho.

Kisha nikafika kwenye nyaya. Ndani ya gitaa la umeme kuna waya mmoja ambao haushughuliki na muziki. Unatoka kwenye chuma kinachoshika nyuzi hadi tundu la jeki, na kupitia kebo unaishia kwenye ardhi ya ampu, ile ambayo mafundi wa stima huiita athi. Kazi yake ni kupunguza mvumo: ukishika nyuzi, mwili wako nao unaunganishwa na ardhi, kelele inashuka. Kwenye gitaa hili waya huo ulikuwa umekatwa. Umekatwa kwa makusudi, ncha mbili zikanyooshwa na kulehemiwa upya.

Nilikasirika kwanza. Ni fundi gani anakata athi? Halafu nikafikiria mahali gitaa hili lilipofanya kazi: baa yenye soketi ya pini mbili, plagi iliyong'olewa na nyaya kusokotwa moja kwa moja ukutani, ampu kuukuu inayovujisha stima kwenye mwili wake. Hapo athi ya gitaa haielekei ardhini tena, inaleta stima kutoka kwenye ampu hadi vidoleni. Ukigusa maikrofoni kwa mdomo huku umeshika nyuzi, unakuwa daraja. Si hadithi za kutisha watoto. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Uskoti iitwayo Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni yenye athi mbovu. Aliyeukata waya wa Baba Mdogo alichagua mvumo kuliko mazishi.

Nami nilikuwa na chuma cha kulehemu mkononi, tayari kumsahihisha.

Nikafuata zile ncha mbili nione zimeelekea wapi. Hazikuishia hewani. Moja ilipita chini ya kinasa sauti, ya pili ikazunguka vifundo, na zote mbili zikaingia kwenye shimo langu. Zilikuwa zimelehemiwa kwenye swichi yangu ya taa.

Nilikaa kitako kwa muda. Swichi niliyoipachika kama pambo, yeye alikuwa ameipa kazi. Washa, athi inaungana, mvumo unapungua: hiyo ni ya mahali penye stima ya kuaminika. Zima, athi inakatika: hiyo ni ya kila mahali pengine. Ndani ya tundu, kuta za mbao niliyoichachua kwa patasi zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa zikawa laini.

Nikampigia Mama Mdogo. Nikamuuliza kama Baba Mdogo alilipiga gitaa baada ya mwaka 1993.

"Kwani hukujua? Alikuwa analipiga matangani, na jenereta ya kukodi. Mpaka mkono ulipoanza kumsumbua."

"Mbona mimi nililikuta ukutani siku zote?"

"Ulikuwa ukifunga shule tunalitundika. Ulikuwa unaliangalia kama mtu aliyeona nyoka. Akasema tukuache kwanza."

Sasa niseme nilichofanya, maana kazi iliisha, na gitaa linalia. Rangi ya buluu niliitoa polepole kwa mkono. Sikuitoa yote, nyuma nimeacha kipande cha upana wa kiganja. Kabari ya mbao imebaki, na mfereji wa penseli pia. Kile kipande cha mfupa nimekitia kwenye bahasha na kuweka kipya, kwa sababu mimi natumia nyuzi za dukani na gitaa lisiloshika sauti halimkumbuki mtu yeyote. Nyaya zilizooza maganda nimebadilisha, lakini nimezipitisha njia zile zile.

Swichi bado iko mahali pake na kazi yake ni ile ile. Ila nisieleweke vibaya, mwenye gitaa nyumbani asikimbilie kukata waya. Ujanja ule ulikuwa wa dharura, na haukuondoa hatari yote. Chuma cha jeki na vifuniko vya vinasa sauti bado vilibaki kwenye athi ya ampu. Dawa yenyewe ni plagi nzima na nyumba yenye athi nzima. Mimi nilimwita fundi wa stima apime soketi zangu kabla sijachomeka chochote.

Alipomaliza kupima, nikachomeka ampu, nikawasha swichi. Sauti ikatoka safi, kavu, ya kudonoa. Nikampigia Mama Mdogo na kuweka simu kando ya ampu. Akasikiliza kidogo, akasema ni nzuri, lakini siyo.

Nikazima swichi. Mvumo ukajaa jikoni kama nyuki ndani ya mzinga, na juu yake nikapiga kile kidogo nilichokikumbuka mkononi mwake.

"Eeh," akasema. "Hilo ndilo."