Laki na nusu

Kwenye minada ya ng'ombe upande wa Bunda husikii mtu akitamka "elfu mia nane". Muuzaji anasema, "Nane." Mnunuzi anajibu, "Saba na nusu, mzee," na kila aliyesimama pale anajua ni laki. Mwaloni Mwigobero, Musoma, ni vivyo hivyo: Mjita, Mkurya na Mjaluo wanaopatana bei ya dagaa hukutana kwenye laki.

Laki si ya Kibantu kama moja na mbili, wala si ya Kiarabu kama sita na saba. Imetoka India. Wagujarati husema lakh. Kabla yao Kiprakriti, yaani lugha za watu wa kawaida wa India ya kale, kilisema lakkha, kutokana na laksha ya Kisanskriti, iliyokuwa pia na maana ya alama.

Ndugu zake, namba nyingine za Kiprakriti, hawakuvuka bahari kuingia kwenye Kiswahili. Ekka (moja) ilizaa ek, satta (saba) ikazaa sat, na zote zikaishia kwenye madaftari ya wenye maduka. Nadhani sababu ni nyepesi: hadi elfu tulikuwa tumejaa, tena elfu yenyewe, ya Kiarabu, ilikuwa imeshakisukuma pembeni kikwi. Juu ya hapo palikuwa wazi.

Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya Wahindi, pamoja na laki yake, ilienea kwa meli pembezoni mwa ziwa. Fedha ilikuwa rupia, hata kwa Wajerumani. Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922, shilingi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kushika nafasi yake.

Cha ajabu, huko India ya kale mfalme Asoka hakuitumia lakkha. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo alichonga mwambani, kwa Kiprakriti, habari za vita vya Kalinga: waliouawa mia elfu, waliohamishwa mia elfu "moja na nusu". Hiyo moja na nusu ni neno moja tu, diyadha, na kitukuu chake ni dodh ya Kigujarati. Mgujarati akisema dodh lakh anataja 150,000. Mteja wake wa Musoma huiita laki na nusu: "laki" ya India, "na" ya Kibantu, "nusu" ya Kiarabu. Mgeni wa lugha anaweza kudhani ni shilingi 100,000 na senti hamsini.