Imani ya Kikristo na Tumaini la Wagonjwa katika Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoani Manyara

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu historia ya hospitali za misheni nchini Tanzania yamejikita katika majengo, idadi ya vitanda, madaktari waliotoka ng'ambo na magonjwa yaliyodhibitiwa. Hayo ni muhimu. Hata hivyo, yanaacha swali moja bila jibu la kutosha: mgonjwa aliyelazwa, ambaye daktari hakuwa na uhakika wa kumponya, alipata wapi tumaini, na tumaini hilo lilikuwa la namna gani? Insha hii inalichunguza swali hilo katika wilaya za Mbulu na Hanang. Kipindi kinachoangaliwa kinaanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, hospitali za misheni zilipoanza kujengwa katika nyanda hizo, na kuishia miaka ya karibuni.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba mchango mkubwa wa imani ya Kikristo kwa wagonjwa wa Mbulu na Hanang haukuwa ahadi ya kupona. Ahadi ya kupona ilitolewa pia na waganga wa jadi, na baadaye ilitolewa na dawa za hospitali. Jambo ambalo imani hiyo ilibadilisha hasa ni jibu la swali la nani anayepaswa kuketi karibu na mgonjwa mahututi na karibu na kaya iliyofikiwa na kifo. Katika jamii ambayo kifo kiliwatenga walio hai na wenzao, badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana kwa msomaji wa leo.

2.0 Maradhi, Kifo na Kutengwa katika Mila za Wairaqw na Wadatoga

Wilaya za Mbulu na Hanang zinakaliwa kwa sehemu kubwa na Wairaqw, wanaojulikana pia kwa Kiswahili kama Wambulu, pamoja na Wadatoga, hususan Wabarbaig wanaoishi kuzunguka Mlima Hanang. Wairaqw huzungumza lugha ya Kikushi, na Wadatoga huzungumza lugha ya Kiniloti. Pamoja na tofauti hiyo ya asili, mila zao kuhusu kifo zina mambo yanayofanana.

Katika imani ya jadi ya Wairaqw, Looaa, anayehusishwa na jua na kutajwa kwa sura ya mama, ndiye chanzo cha uhai na mema. Kwa upande mwingine wapo netlaangw, roho wakaao katika maji na ardhi, ambao wanaweza kuleta maradhi. Wazee waliomba uzima wa watu na mifugo kwa njia ya slufay, yaani maombi ya pamoja ambamo mzee huongoza na waliohudhuria huitikia. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba wamisionari waliwakuta watu wasiojua kumwomba Mungu kwa ajili ya wagonjwa.

Ugumu ulikuwa katika utaratibu uitwao meeta. Kifo katika kaya, mimba kuharibika au mtoto kufia tumboni viliitia kaya husika unajisi wa kimila. Watu wa kaya hiyo walitengwa na majirani kwa muda ambao ungeweza kuwa wa miezi mingi. Hawakushiriki chakula wala pombe na wengine, na hawakuhudhuria mikusanyiko. Miongoni mwa Wadatoga, utaratibu unaokaribiana na huo huitwa metida, na uzito wake uliwaangukia zaidi wanawake waliofiwa na watoto. Tafiti za Astrid Blystad miongoni mwa Wabarbaig, na za Ole Bjørn Rekdal na Katherine Snyder miongoni mwa Wairaqw, zimeeleza desturi hizi kwa kina.

Desturi hizo zisihukumiwe kwa haraka. Kwa jamii isiyokuwa na kinga nyingine dhidi ya maradhi ya kuambukiza, kumtenga aliyeguswa na kifo kulikuwa njia ya kuilinda jamii nzima, na kulikuwa na mwisho unaojulikana, ambapo aliyetengwa alirejeshwa miongoni mwa wenzake. Lakini kwa upande wa mgonjwa na nduguze, maana yake ilikuwa nzito. Kadiri ugonjwa ulivyozidi, ndivyo kaya ilivyojiona inakaribia mpaka wa kutengwa. Mgonjwa mahututi hakuhofia kufa peke yake. Alihofia pia kwamba kifo chake kingewaacha mke, mume au watoto wake bila wa kuwatembelea, katika wakati waliohitaji kutembelewa kuliko wakati mwingine wowote.

3.0 Tiba Itokayo Mbali: Dareda na Haydom

Mwishoni mwa miaka ya 1940, masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa mwaka 1937 na Marie Martin wa Ireland, walianza huduma ya afya Dareda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Babati. Wagonjwa kutoka Hanang na Mbulu walikuwa miongoni mwa waliofika huko. Katika upande wa Kilutheri, kazi ilifanywa na Misheni ya Kilutheri ya Norway. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya kazi nchini China. Milango ya China ilipofungwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kilielekeza nguvu zake katika nchi nyingine, ikiwamo Tanganyika. Matokeo yake yalikuwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kusini-magharibi mwa Mbulu, takribani kilomita 300 kwa barabara kutoka Arusha. Baadaye hospitali hiyo iliwekwa chini ya kanisa la wenyeji, ambalo leo ni Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kuanzia miaka ya 1960 iliongozwa kwa miongo mingi na daktari Ole Halgrim Evjen Olsen. Mwaka 2010 ilipandishwa hadhi kuwa hospitali ya rufaa ya ngazi ya mkoa.

Kwa nini watu waliziamini hospitali hizi za wageni? Jibu lililozoeleka ni kwamba waliona dawa zinaponya. Katika makala yake ya mwaka 1999, Rekdal alitoa jibu linalokwenda mbali zaidi. Wairaqw walikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kutafuta waganga kwa majirani walio tofauti nao kwa lugha na mila, kama vile Waihanzu. Nguvu ya kuponya ilifikiriwa kuwa kubwa zaidi kadiri ilivyotoka mbali. Kwa mantiki hiyo, daktari wa Norway hakuwa mgeni wa kutiliwa shaka. Ugeni wake wenyewe ulikuwa sababu ya kumwendea. Kwenda hospitalini hakukuwa kuyaacha mazoea ya kale, bali kuyaendeleza katika mazingira mapya.

Hoja hiyo ina matokeo muhimu kwa mada yetu. Ikiwa tumaini la kupona lilikuwapo tayari, na lilihamishwa tu kutoka kwa mganga wa Ihanzu kwenda kwa daktari wa Haydom, basi hatuwezi kulihesabu kuwa zao la Ukristo. Tunalazimika kutafuta mahali pengine jambo ambalo imani hiyo ilileta. Insha hii inalitafuta wodini. Katika hospitali za misheni, mtu aliyekuwa anakaribia kufa hakuondolewa machoni pa wenzake. Alilala kitanda kimoja baada ya kingine pamoja na Mwiraqw, Mbarbaig, Mnyiramba, na pengine Mhadzabe. Sala zilifanyika karibu naye. Mwinjilisti au sista alimshika mkono, hata pale ambapo dawa ilikuwa imefika mwisho wake. Alipofariki, waliomhudumia waliendelea kula, kufanya kazi na kusalimiana na watu. Kwa jamii iliyozoea meeta, tendo hilo lilikuwa mahubiri yasiyohitaji maneno: mtu aweza kukigusa kifo na kubaki miongoni mwa watu.

Ni kweli pia kwamba hospitali ilikuwa na kutenga kwake. Wenye kifua kikuu waliwekwa mbali na wengine, tena kwa muda mrefu, kwa kuwa matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Tofauti ni kwamba aliyetengwa hospitalini alitembelewa.

4.0 Kutoka Wodini hadi Nyumbani

Hospitali ni chache, na wagonjwa wengi waliugua na kufa nyumbani. Kwa sababu hiyo, badiliko lililoanzia wodini lisingekuwa na maana kubwa kama lisingefika kwenye kaya. Upande wa Kanisa Katoliki, mambo mawili yalisaidia. La kwanza ni mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kabla ya Mtaguso huo, sakramenti ya mgonjwa ilijulikana zaidi kama mpako wa mwisho, na padri alipoitwa, familia ilielewa kwamba matumaini yamekwisha. Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia ya mwaka 1963 ilielekeza kwamba sakramenti hiyo iitwe kwa kufaa zaidi Mpako wa Wagonjwa, na kwamba isingojewe hadi saa ya kufa. Jambo la pili ni uamuzi wa maaskofu wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970, wa kujenga kanisa juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Katika Jimbo la Mbulu, kama kwingineko, kaya chache zilizo jirani zilianza kukutana kila juma, na kumtembelea mgonjwa kukawa wajibu wa jumuiya nzima, si wa ukoo wake tu. Walutheri nao walikuwa na ibada za nyumba kwa nyumba, wazee wa kanisa na vikundi vya wanawake vilivyobeba wajibu wa namna hiyo.

Msingi wa kimaandiko wa desturi hii unafahamika. Waraka wa Yakobo unamwelekeza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Kitabu cha Ayubu kinasimulia rafiki zake walivyoketi naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Wasomaji wengi huwakumbuka marafiki hao kwa maneno yao mabaya yaliyofuata, na kusahau kwamba siku hizo saba za kimya ndizo walizomfaa. Kwa mkazi wa Mbulu anayekumbuka simulizi za meeta, picha ya watu kuingia katika nyumba iliyopigwa na msiba na kuketi humo si jambo dogo. Watafiti waliotajwa hapo juu wanaonyesha kwamba desturi ya kutenga ilipungua nguvu katika karne ya 20, na kwamba Wakristo walikuwa miongoni mwa waliokataa kuifuata. Kila kaya iliyokubali kuingia katika nyumba ya msiba ilijiweka katika hatari ya kunyooshewa kidole na majirani. Tumaini la aliyefiwa lilinunuliwa kwa ujasiri wa aliyemtembelea.

5.0 Tumaini Lilipojaribiwa: UKIMWI na Kikombe cha Samunge

Jaribio kubwa lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Maambukizi katika Mbulu na Hanang yalibaki chini kuliko wastani wa taifa, lakini uchache huo haukuwa faida kwa aliyeugua. Pale ambapo wagonjwa ni wachache, kila mmoja huonekana sana. Hofu ya kale ya unajisi ilipata sura mpya, na mgonjwa aliweza kutengewa chombo, kitanda na hata salamu. Makanisa yenyewe hayakuwa na msimamo mmoja. Baadhi ya mahubiri yaliuita ugonjwa huo adhabu ya dhambi, na kwa kufanya hivyo yalirudisha ukuta ambao vizazi vilivyotangulia vilikuwa vimeubomoa. Wakati huohuo, wahudumu wa majumbani waliotumwa na hospitali za makanisa waliingia katika nyumba hizo, wakaosha vidonda na kuomba. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bila malipo kitaifa mwaka 2004, wahudumu hao ndio waliojua mgonjwa yuko wapi.

Mwaka 2011 jambo jingine lilitokea. Katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, akisema ameelekezwa na Mungu, na kwamba kinaponya magonjwa sugu ukiwamo UKIMWI. Maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri kutoka mikoa yote na nchi jirani. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Baadhi ya waliokunywa waliacha dawa zao wakiamini wamepona.

Tukio hilo halielezeki kwa kusema tu kwamba watu walidanganyika. Lilifuata mantiki ileile iliyoelezwa na Rekdal: tiba itokayo mbali, mahali pagumu kufikika, ina nguvu. Liliiunganisha mantiki hiyo na jina la mchungaji. Lakini likilinganishwa na urithi wa Dareda, Haydom na jumuiya ndogo ndogo, upungufu wake unaonekana wazi. Samunge ilimpa mgonjwa tumaini la kupona, kisha ikamrudisha nyumbani peke yake. Ambaye hakupona alibaki na swali chungu zaidi, kwamba huenda imani yake ndiyo iliyopungua. Mgonjwa wa namna hiyo alibeba mzigo wa ugonjwa na mzigo wa lawama kwa pamoja.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba katika historia ya Mbulu na Hanang kuna matumaini ya aina mbili yaliyoitwa kwa jina moja. La kwanza ni tumaini la kuponywa, ambalo lina mizizi mirefu kuliko Ukristo na ambalo limehama kutoka kwa mganga kwenda hospitalini, na kutoka hospitalini kwenda kwenye kikombe. La pili ni tumaini la kutoachwa, ambalo lilikuja kwa watu kuvuka mpaka wa meeta na metida na kuingia katika nyumba ya mgonjwa. Hayo mawili si maadui. Mkristo wa Mbulu anayeomba apone hatendi kosa lolote, wala hospitali haiwezi kusimama bila nia ya kuponya. Lakini tumaini la kwanza likikosekana, la pili laweza kumchukua mgonjwa hadi mwisho. La pili likikosekana, la kwanza huporomoka siku matokeo ya vipimo yanapotoka.

Jambo hili si la kale tu. Saratani, kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya figo yanaongezeka vijijini, na mengi kati yake hayaponi kabisa. Mgonjwa wa saratani kutoka Katesh au Haydom hulazimika kusafiri hadi KCMC mjini Moshi au Ocean Road jijini Dar es Salaam, na mara nyingi hurejea nyumbani akihitaji dawa ya maumivu na watu wa kukaa naye. Makanisa yanayohimiza mikutano ya uponyaji pekee yatamfaa kwa siku moja. Urithi wa miaka sabini na zaidi ya huduma ya wagonjwa katika wilaya hizi unayaelekeza mahali pengine: mlangoni pa nyumba yake, kwa wale walio tayari kuingia na kuketi.