Maumivu ya mgongo kwa wabeba mizigo na wafanyabiashara: fiziotherapia inavyosaidia

Maumivu ya mgongo wa chini, ambayo wengi huyaita maumivu ya kiuno, ni yale yanayosikika kati ya mbavu za mwisho na makalio. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Hakuna tatizo lingine la kiafya linalowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao.

Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichoitwa Carrier Corps, bado linaishi kwa migongo ya watu. Wapo wanaobeba belo za mitumba na magunia, wanaosukuma mikokoteni, mafundi cherehani wanaoinama kutwa nzima na mama lishe wanaoinua masufuria. Wengi wao wasipofanya kazi leo, leo hawali. Ndiyo maana ushauri wa "lala mpaka upone" unawaumiza mara mbili: unawakosesha kipato, na hauponyi mgongo.

Mgongo unashikiliwa na nini?

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, zilizopangana juu ya mifupa ya nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama mto mdogo unaopunguza mshtuko. Lakini pingili peke yake haziwezi kusimama. Ni kama mlingoti wa jahazi: hata mti wake uwe mgumu kiasi gani, unahitaji kamba za pande zote.

Kamba za mgongo ni misuli. Ipo midogo inayounganisha pingili moja na nyingine, ipo ya ndani ya tumbo inayozunguka kiuno kama kanga iliyofungwa vizuri, na ipo ya makalio na mapaja. Mgongo ukiuma, ile midogo ya ndani hulegea na kunyong'onyea, huku mikubwa ya nje ikikakamaa. Ukilala siku nyingi, yote inadhoofu. Ukirudi kazini, mzigo uleule unakuumiza zaidi.

Je, mgongo wangu umevunjika?

Kwa takriban watu 9 kati ya 10, hapana. Maumivu yao hayatokani na ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwenye picha, na kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki 6.

Ukiambiwa kwamba diski yako "imetokeza", usikate tamaa. Watu wasio na maumivu yoyote walipopigwa picha, diski zilizotokeza zilionekana kwa takriban 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 20, na 6 kati ya 10 wenye miaka 50. Kwa hiyo picha ni ya kusaidia pale daktari anapokuwa na sababu ya kuitaka. Si lazima kwa kila mtu.

Fiziotherapia hufanya nini?

Mtaalamu wa fiziotherapia atakuuliza kazi yako, maumivu yalivyoanza, na mkao unaoyaongeza au kuyapunguza. Atapima nguvu ya miguu, hisia za ngozi na namna unavyojongea. Kisha atapanga tiba inayokufaa. Kuna wanaopata nafuu wakikunja mgongo mbele, na wengine wakilala kifudifudi na kuinua kifua. Huenda akakukanda ili misuli iliyokaza ilegee, lakini kukandwa ni msaada tu. Tiba yenyewe ni mazoezi yako.

Tafiti zilizolinganisha aina za mazoezi hazijaonyesha moja linaloshinda mengine yote kwa kiasi kikubwa. Linalosaidia ni lile unaloweza kulifanya mara kwa mara na kuliongeza kidogo kidogo.

Mazoezi matatu ya kuimarisha mgongo

Tandika mkeka sakafuni. Usizuie pumzi. Kila mkao ukae nao kwa sekunde 5 hadi 10, urudie mara 5, kila siku.

1. *Daraja.* Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Kaza makalio, inua kiuno mpaka mabega na magoti yawe kwenye mstari mmoja. Shuka taratibu.
2. *Mkono na mguu.* Piga magoti na mikono chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, bila kiuno kubonyea. Badilisha.
3. *Ubavu.* Lala ubavu ukiegemea kiwiko, magoti yamekunjwa. Inua nyonga kutoka sakafuni. Fanya pande zote mbili.

Ongeza na kutembea. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi ni kawaida. Maumivu yakishuka mguuni au yakizidi mpaka kesho yake, punguza na umwone mtaalamu.

Ukiwa kazini

Mwaka 1999, watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kipimo kilichowekwa ndani ya diski ya mtu aliyejitolea. Alipoinua mzigo wa kilo 20 akiwa ameinama, mgandamizo ulikuwa zaidi ya mara 4 ya ule wa kusimama tu. Aliposhika mzigo uleule karibu na mwili, ulikuwa kama mara 2. Kwa hiyo:

- Sogelea mzigo kwanza, uukumbatie, ndipo uinue kwa nguvu ya miguu.
- Geuka kwa kuhamisha nyayo. Usizungushe kiuno ukiwa na mzigo.
- Mzigo mzito ubebeni wawili, au tumieni mkokoteni.
- Fundi cherehani na muuzaji, simama na ujinyooshe kila baada ya nusu saa.
- Mama lishe, weka jiko na sufuria kwenye kimo cha kiuno inapowezekana.

Mbinu nzuri ina mpaka wake. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mmoja asibebe zaidi ya kilo 55. Gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo ya Tanzania inalikataza, linapita hata kilo 100. Hapo tatizo si mgongo wa mpagazi. Wenye mizigo wanapaswa kufungasha kwa kipimo.

Mikanda na sindano

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, WHO haipendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kama tiba ya kawaida ya maumivu ya muda mrefu. Dawa kama diklofenaki hutuliza kwa siku chache, lakini ukizitumia mfululizo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Usichomwe sindano ya maumivu dukani kila wiki ili uweze kubeba.

Dalili za hatari: nenda hospitali

Nenda leo hii ukiwa na:

- ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja;
- kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa;
- mguu unaozidi kuishiwa nguvu;
- maumivu baada ya kuanguka au ajali.

Usichelewe pia ukiwa na homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi cha muda mrefu, kibiongo kinachoanza kutokeza, au maumivu yasiyopoa hata usiku. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya umma. Mwambie mhudumu kama uliwahi kuugua saratani au unaishi na VVU.

Uanzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo unaweza kupewa rufaa kwenda hospitali kama Mnazi Mmoja au Amana, na ikibidi Taasisi ya Mifupa (MOI) Muhimbili. Ukiwa huko, uliza waziwazi kama unaweza kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, na mweleze kazi unayofanya na uzito unaobeba. Akijua hayo, atakupangia mazoezi yatakayokurudisha kazini hatua kwa hatua.