Jamshedpur

Jamshedpur ni mji wa viwanda uliojengwa kwa mpango katika jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, kwenye makutano ya mito Subarnarekha na Kharkai. Ulianzishwa na kampuni ya chuma ya Tata, iliyoundwa mwaka 1907, na kupewa jina la Jamsetji Tata, mwanzilishi wa kundi la makampuni la Tata, mwaka 1919. Katika barua ya 1902, Jamsetji alimwagiza mwanawe Dorab atenge barabara pana zenye miti ya kivuli, baadhi yake ya aina inayokua haraka, viwanja vya mpira, na maeneo ya mahekalu, misikiti na makanisa. Sifa kuu ya Jamshedpur ni kwamba maji, umeme na uzoaji taka katika sehemu kubwa ya mji husimamiwa na kampuni tanzu ya kampuni hiyo ya chuma, badala ya manispaa ya kuchaguliwa.