Duka lina mali ya mil. 40, bima ni ya mil. 20: Moto ukitokea utalipwa ngapi?

Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua. Januari 2022 ikawa zamu ya soko la Karume. Moto ukizimwa, watu huulizana nani alikuwa na bima. Swali gumu zaidi ni hili: alikatia kiasi gani?

Chukua duka lenye mali ya Sh40 milioni. Mwenyewe, ili ada ipungue, anakata bima ya moto ya Sh20 milioni. Stoo inashika moto, mali ya Sh10 milioni inateketea. Anategemea alipwe zote 10, analipwa 5. Mikataba mingi ya bima ya mali ina kipengele hicho: ukikatia nusu ya thamani, hata hasara ndogo inalipwa nusu. Si dhuluma, ndivyo alivyosaini.

Wenye mikopo ndio wa kuangalia zaidi. Bima iliyokatwa kupitia benki inaweza kufuata kiasi cha deni, si mzigo uliojaa dukani Desemba. Omba nakala ya mkataba, tazama thamani iliyokatiwa, ipandishe kabla ya msimu.

Majina ya bima nayo yanachanganya. Bima ya wizi wa dukani kwa kawaida inataka alama za kuvunja mlango au ukuta. Kijana wa kaunta akitoroka na mauzo, hiyo ni bima nyingine kabisa, ya uaminifu wa wafanyakazi. Mafuriko na ghasia mara nyingi huongezwa juu ya bima ya moto kwa kulipia kidogo. Mwenye fremu bondeni asibane hela hapo.

Ukiwa umeajiri, hata mtu mmoja, Tanzania Bara sheria inakutaka ujisajili WCF. Hilo halina kuchagua. Pikipiki ya kupelekea mizigo iandikwe kuwa ya biashara. Ukiikatia kama ya matumizi binafsi, siku ya ajali madai yanaweza kukataliwa.

Ukishalipa, hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA, maana wakala anaweza kupokea hela na isifike kampuni.

Halafu risiti za manunuzi na daftari la stoo: vipige picha kila mwezi, uzitume kwenye barua pepe yako. Vikiungua pamoja na duka, mkadiriaji wa hasara atakuuliza mzigo ulikuwa kiasi gani na hutakuwa na cha kumwonyesha.