Misumari barabarani: jinsi ndugu wa Michelin walivyouza matairi

Juni 1892 waendesha baiskeli waliondoka Paris kushindana hadi Clermont-Ferrand, mji ulio katikati ya Ufaransa. Mbio hizo ziliandaliwa na wenye kiwanda cha mpira cha mji huo, ndugu wawili André na Édouard Michelin. Njiani washindani walikuta misumari imetapakaa, na matairi yakaanza kutoboka moja baada ya jingine. Walioimwaga hawakuwa mahasimu wa kiwanda. Walikuwa akina Michelin wenyewe.

Ili kuuelewa ujasiri huo, turudi nyuma hadi 1889. Mwaka huo mwendesha baiskeli mmoja alifika kiwandani Clermont-Ferrand akiwa na pancha. Tairi lake lilikuwa la upepo, aina ya Dunlop, kitu kigeni kabisa wakati ule, nalo lilikuwa limegandishwa kwa gundi kwenye rimu. Mafundi walitumia kama saa tatu kulibandua na kuliziba, kisha likaachwa usiku kucha gundi ikauke. Asubuhi Édouard alilijaribu mwenyewe, na hakufika mbali kabla halijaisha upepo tena. Mtu mwingine angeona kifaa kibovu. Yeye aliuona ulaini wa safari, akaamua kwamba kilichobaki ni kutafuta namna ya kuliziba haraka. Mwaka 1891 walisajili hataza ya tairi linalovuliwa na kuvishwa tena, na Septemba ya mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200.

Hata hivyo wanunuzi walisita. Baiskeli za magurudumu magumu zilitikisa mwili, lakini hazikumwacha mtu porini. Ndiyo maana misumari ile ilikuwa na akili. Kiwanda hakikuapa kwamba tairi lake halitoboki, maana huo ungekuwa uongo ambao barabara ingeufichua kabla ya jua kutua. Kililitoboa chenyewe mbele ya watu, kisha kikawaacha watazame mwendeshaji akiliziba na kuendelea na safari. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufundi wa ndugu hawa: waliushika udhaifu uliotajwa na kila mtu, wakaufanya onyesho.

Miaka mitatu baadaye walihamia kwenye magari. Wenye magari hawakuamini kwamba upepo ungebeba uzito ule, kwa hiyo ndugu hao walipanda gari wenyewe katika mbio za 1895 za Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi mno, na walipofika muda uliowekwa ulikuwa umeshapita. Lakini walifika, na wakawa wameonyesha kwamba gari linaweza kwenda juu ya upepo.

Mwaka 1898 mchoraji O'Galop aliwatengenezea bango la mtu mnene aliyeumbwa kwa matairi, akiwa mezani ameinua bilauri. Ndani yake hamkuwa na mvinyo, bali misumari na vipande vya chupa. Maana yake ni kwamba tairi la Michelin linakunywa vikwazo vya barabarani. Misumari ya 1892 ilikuwa imepata mahali pa kudumu.

Kisha likaja jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 1900 Ufaransa nzima ilikuwa na magari yasiyofika 3,000. Biashara ya matairi katika soko dogo hivyo ina ukomo: ukishawafikia wenye magari wote, umemaliza. Tena tairi halinunuliwi kwa kupendeza. Linanunuliwa likilika, na haliliki gari likilala bandani. Hivyo Michelin walichapa nakala 35,000 za kitabu kidogo cha mwongozo wakakigawa bure. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya kubadili tairi, majina ya mafundi, mahali pa kupata petroli, hoteli za kulala na ramani za miji. Wakati ule mafuta yaliuzwa hapa na pale madukani, na dereva aliyetoka mjini kwake alikuwa anabahatisha. Kitabu kilimwondolea hofu hiyo, naye akaenda mbali zaidi.

Waliendelea hivyohivyo. Walitoa vibao vya barabarani vyenye majina ya vijiji. Mwaka 1912 walikusanya sahihi zipatazo 200,000 kuiomba serikali izipe barabara namba, na serikali ikakubali. Katika yote hayo hawakuwa wakimsihi mtu anunue tairi.

Kitabu kilianza kuuzwa mwaka 1920. Inasimuliwa kwamba André alikuta nakala zake zimetumika kuegemeza meza ya fundi, akaona kitu cha bure hakiheshimiwi. Mwaka 1926 nyota zikaanza kuwekwa kwenye mahoteli yenye chakula kizuri, na miaka ya 1930 zikapangwa hadi tatu. Hebu tazama maana yake. Nyota moja ni mgahawa mzuri wa aina yake. Mbili, chakula chake kinafaa mtu aache njia yake akipitie. Tatu, kinastahili safari ya makusudi. Wapishi wa dunia nzima leo hukesha wakizitafuta nyota hizo, na kipimo chake tangu mwanzo kilikuwa umbali ambao gari liko tayari kwenda.

Mwaka 1944, majeshi ya Washirika yalipojiandaa kuingia Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, toleo la 1939 la mwongozo huo lilichapwa upya Washington na kugawiwa maofisa. Walihitaji ramani za miji zinazoaminika, na zilizokuwepo tayari ni zile za wauza matairi.