Busara

Mwaka 2011 kituo cha kuchunguza tabia za watu kilianzishwa Nairobi, kikapewa jina Busara. Wakazi wa Kibera na mitaa mingine ya kipato cha chini wakaitwa kucheza michezo ya maamuzi kwa pesa halisi, kwenye skrini za kugusa ili hata asiyesoma ashiriki. Kuna pia vipimo vya kasi ya kidole, vinavyosaka upendeleo ambao mwenyewe haujui. Kabla ya uchaguzi wa 2013 watafiti walitumia njia zote mbili kupima ukabila jijini. Kwenye michezo ya pesa ulionekana kidogo mno.

Jina lilichaguliwa vizuri. Busara imetoka Kiarabu, kwenye shina la kuona, na Kiswahili humtunuku mtu. Hatuna ini lenye busara. Twasema “moyo umekataa”, kweli, ila kila msikilizaji anajua aliyekataa ni nani.

Sasa soma habari za sayansi. Mwaka 1983 Benjamin Libet wa Marekani alionyesha kwamba umeme wa ubongo huanza kupanda kabla mtu hajahisi kuwa ameamua kusogeza mkono. Basi magazeti huandika: ubongo umeamua. Inanikera. Ubongo haudaiwi kodi ya nyumba. Anayedaiwa ni mama mboga wa Kawangware, na ndiye anayeamua karo itangulie au unga.

Wahariri, andikeni kwamba ubongo ulionyesha dalili. Kitenzi kuamua mwachieni mtu.